Kazi iwe kazi, kupumzika kuwe kupumzika: jinsi ya kupanga masaa yako

Kabla sijaanza kutoa hatua kuna jambo nataka tuelewane. Wengi wetu tunaolalamika muda hautoshi shida yetu ni kuchanganya. Unakaa mezani saa mbili asubuhi unatoka saa mbili usiku, kompyuta iko wazi muda wote, lakini hapo katikati umejibu meseji, umeangalia video mbili, umerudi kwenye kazi, umesoma mstari uleule mara tatu, umechungulia nani kaposti nini, umerudi tena. Usiku unajihesabia umepiga kazi masaa 12 na mwili unakubali maana kweli umechoka, ila kazi iliyotoka pale ni ya masaa manne au matano. Na kupumzika pia hujapumzika. Hayo mi nayaita masaa ya nusunusu na naamini ndo yanayotumaliza kuliko kazi yenyewe.

Nilikuwa nafanya mahesabu kwenye kampuni moja, mwisho wa mwezi tukifunga vitabu tunakaa mpaka saa tano usiku, wakati mwingine saa sita. Kila mwezi ilikuwa hivyohivyo, na kila mwezi asubuhi inayofuata tunaanza siku kwa kutafuta makosa ya usiku. Wanaofanya mahesabu wanajua, ukiona pande mbili hazilingani na tofauti yake inagawanyika kwa 9, kaangalie kama kuna mtu kapindua namba, 54 kaandika 45. Sasa makosa ya aina hiyo asubuhi tulikuwa hatuyafanyi, yalikuwa ya usiku tu, na masaa mawili tuliyojiongezea usiku yalikuwa yanaliwa na masaa mawili ya kusahihisha kesho yake. Ilinichukua muda mrefu sana kuliona hilo na nilipoliona nikabadilisha kila kitu, ndo maana naandika hapa.

Hatua ya kwanza: wiki moja ya daftari

Usibadilishe kitu chochote wiki ya kwanza, andika tu. Chukua daftari dogo, sio programu ya simu maana ukishika simu kuandika utakuta dakika kumi zimepotea humohumo, na kila nusu saa weka herufi moja. K kama nusu saa hiyo ulikuwa kazini kwelikweli, P kama ulikuwa umepumzika kwelikweli, N kama ilikuwa nusunusu. Basi, hamna maelezo marefu. Ukisahau masaa mawili usijaribu kukumbuka kwa kubuni, acha wazi uendelee.

Muhimu hapa ni ukweli. Kikao ambacho ulikuwepo mwili tu huku unajibu meseji chini ya meza hicho ni N. Jioni uko na familia lakini kila dakika tano unachungulia imeili za ofisi hiyo nayo ni N. Mwisho wa wiki hesabu. Mi wiki yangu ya kwanza N zilikuwa nyingi kuliko K na sikutegemea kabisa, nilijiona mchapakazi.

Sasa uzuri wa daftari ni kwamba linakuonyesha pia saa ngapi K zako zinajazana. Kwa wengine ni saa mbili mpaka saa tano asubuhi, kwa wengine kichwa kinafunguka jioni. Weka alama hapo, tutarudi.

Kwanini kuongeza masaa hakusaidii

Najua kuna atakayesema we unaongea tu, kazi zangu haziishi, lazima niongeze masaa. Sikiliza hii. Mwaka 2014 mchumi mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford anaitwa John Pencavel alirudi kwenye rekodi za zamani za viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wafanyakazi wengi walikuwa wanawake, na rekodi zilikuwa zinaonyesha masaa waliyofanya na vitu walivyotengeneza. Akakuta mpaka karibu masaa 49 kwa wiki, ukiongeza saa na kazi inaongezeka sawasawa. Ukivuka hapo kila saa ya ziada inaleta kidogo zaidi, na waliofanya masaa 70 walichotoa hakikuwa na tofauti kubwa na waliofanya 56. Masaa 14 hayo, karibu siku mbili nzima za kazi, na karibu hamna kilichotoka! Na hao walikuwa wanafanya kazi za mikono kiwandani, kazi ya kufikiri sidhani kama inavumilia hata kiasi hicho.

Na hii ya masaa nane kwa siku sio uvivu wa watu wa siku hizi. Robert Owen, mwenye kiwanda mmoja wa Uingereza, alikuwa anaidai toka 1817, masaa nane kazi, nane starehe, nane kulala, na Shirika la Kazi Duniani, ILO, mkataba wake wa kwanza kabisa wa mwaka 1919 ulihusu hilohilo, masaa nane kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Mwaka 2021 ILO na Shirika la Afya Duniani wakatoa makadirio kwamba anayefanya kazi masaa 55 na zaidi kwa wiki hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa takriban asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukimlinganisha na anayefanya 35 mpaka 40. Kwahiyo hapa hatuzungumzii ufanisi tu, tunazungumzia uhai.

Hatua ya pili: anza kupanga na usingizi

Wengi tunapanga kazi kwanza halafu usingizi unapewa makombo. Geuza. Chukua saa unayotakiwa kuamka, rudi nyuma masaa nane, hiyo ndo saa ya kuwa kitandani. Kama unaamka saa kumi na mbili asubuhi basi saa nne usiku uwe umeshalala au unajiandaa kulala. Mtu mzima anahitaji angalau masaa saba ya usingizi wenyewe, ile saa moja ya nane ni ya kujigeuzageuza na kuchelewa kupitiwa.

Kuna watu wanasema mi nimezoea kulala masaa sita na niko fiti. Hilo lilipimwa. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya watu waliolazwa masaa sita au manne kila usiku kwa siku 14 mfululizo, na wa masaa sita kufikia mwisho wakawa wanafanya vibaya kwenye vipimo vya umakini kama mtu aliyekesha, na ubaya ni kwamba wenyewe walikuwa wanajiona wako sawa tu, hawahisi usingizi kwa kiasi kile uwezo wao ulivyoshuka. Yaani hisia ya "nimezoea" ndo hiyo yenyewe inayodanganya. Na ukikaa macho masaa 17 mpaka 19 bila kulala, uwezo wako kwenye baadhi ya vipimo unafanana na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Sasa fikiria unatuma ripoti ya mteja katika hali hiyo, au unaendesha gari kurudi nyumbani.

Kahawa: kafeini inachukua kama masaa matano hivi kupungua nusu mwilini, kwa wengine zaidi. Ukinywa kikombe saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado iko. Kafeini haiondoi uchovu, inaziba tu ile ishara ya uchovu isifike kwenye ubongo, uchovu wenyewe unakusubiri. Mi mwisho wangu ni saa nane mchana na usingizi ulibadilika ndani ya siku chache.

Hatua ya tatu: kazi ngumu ipewe masaa mazuri

Rudi kwenye daftari, angalia pale K zilipojazana. Hapo ndo iwekwe kazi inayohitaji kichwa: kuandika, kukokotoa, kupanga, kutatua kitu kilichokwama. Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya (na mi nililifanya miaka) ni kufungua siku na imeili. Asubuhi kichwa kiko safi unakimalizia kwenye kujibu "sawa nimepokea" alafu saa nane mchana ndo unaigeukia kazi ngumu, wakati huo mwili wa binadamu kwa kawaida unazama, hata kama hujala unazama, ni saa ya mwili tu ilivyo. Saa hizo za mchana wape zile kazi nyepesi, kujibu, kupanga mafaili, kupiga simu.

Kama kazi yako ni ya kupangiwa na watu huwezi kuhamisha kila kitu najua. Lakini saa moja na nusu ya asubuhi ukiweza kuilinda tu, hiyo peke yake inabadilisha wiki.

Hatua ya nne: fanya kwa vipande, na kila kipande kiwe na mwisho

Miaka ya mwisho ya 1980 mwanafunzi mmoja wa Italia, Francesco Cirillo, alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akawa anasoma dakika 25 anapumzika 5, ndo hiyo mbinu inayojulikana kama Pomodoro, nyanya kwa Kiitaliano. Inafaa sana kwa mtu aliyekwama kuanza, maana dakika 25 hazitishi. Ila kwa kazi ya kuzama, kama kuandika au programu za kompyuta, dakika 25 zinakukata ndo kwanza umeingia. Kwa hizo mi natumia dakika 50 kazi 10 mapumziko, na kuna siku naenda mpaka 90 alafu napumzika 20. Hamna namba takatifu hapa. Jaribu 25 siku mbili, 50 siku mbili, angalia K zako wapi zinaongezeka.

Kitu kisicho na mjadala ni kwamba alamu ikilia unasimama, hata kama unaona bado una nguvu. Ukisubiri mpaka uchoke ndo upumzike umeshachelewa, mapumziko ya dakika tano yanamtosha mtu ambaye hajachoka bado, aliyekwisha kabisa yanakuwa kama kumwagia tone kwenye mchanga.

Na kabla hujainuka andika mstari mmoja: nimeishia hapa, kinachofuata ni hiki. Sekunde 20 tu. Ukiacha kazi ikiwa inaning'inia, kichwa kinaendelea kuizungusha huko unakoenda, na ukirudi unatumia dakika kumi kutafuta ulikuwa wapi. Ukiiandika kichwa kinaiachia.

Mapumziko yenyewe ni nini sasa

Hapa nikae kidogo maana ndo panapoharibika. Kushika simu sio kupumzika. Najua unahisi kama umepumzika, lakini macho ni yaleyale, shingo ileile imeinama, na kichwa kinapokea habari mpya kila sekunde, mara msiba, mara kichekesho, mara mtu kakuudhi. Unarudi kwenye kazi ukiwa umebeba vitu ambavyo hukuwa navyo ulipotoka. Mtafiti Sophie Leroy mwaka 2009 alionyesha kwamba ukihama kutoka jambo moja kwenda lingine kuna sehemu ya akili inabaki kwenye lile la kwanza, sasa ukipitia mambo 40 ndani ya dakika tano utakuwa umebaki wapi.

Mapumziko mazuri ni kinyume cha kazi yako. Kama kazi ni ya kukaa, simama utembee. Kama kazi ni ya kusimama na kubeba, kaa uinue miguu. Kama ni ya kuongea na wateja kutwa nzima, nenda mahali kimya usiongee na mtu. Kama ni ya peke yako na kompyuta, kapige soga na mtu ana kwa ana dakika kumi. Macho yaangalie mbali, nje ya dirisha, mti, mawingu, chochote kilichoko mbali. Kunywa maji. Chakula cha mchana kula mbali na meza ya kazi, hilo nakuomba kabisa, ukila huku unaandika hiyo ni N kwenye daftari.

Kusinzia mchana pia ni halali! Shirika la anga la Marekani, NASA, lilifanya jaribio na marubani wa safari ndefu, waliopewa nafasi ya kusinzia walilala wastani wa dakika 26 na wakawa makini zaidi kuliko wenzao ambao hawakulala. Wewe weka alamu dakika 20, kabla ya saa tisa mchana. Ukivuka nusu saa unaweza kuingia usingizi mzito, ukiamka unakuwa mzito kuliko ulivyolala, na usiku usingizi unagoma.

Simu wakati wa kazi

Iende chumba kingine au kwenye droo, imefungwa sauti. Kuigeuza kifudifudi haitoshi. Kama una mtoto au mgonjwa na lazima upatikane, weka mipangilio namba hizo mbili tatu ndo ziite, zingine zisubiri. Meseji jibu mara tatu kwa siku, mi ni saa nne, saa nane, saa kumi na moja. Wiki ya kwanza utahisi kama kuna kitu kinaungua mahali, hakiungui.

Hatua ya tano: siku iwe na mlango wa kutokea

Hii ndo ngumu kuliko zote na hasa kwa wanaofanya kazi nyumbani au waliojiajiri, maana hamna mtu anayekuja kuzima taa. Chagua saa ya kufunga, tuseme saa kumi na moja jioni. Dakika 15 kabla yake acha kuanza kitu kipya. Andika yaliyobaki, chagua matatu ya kesho, funga mafaili, zima kompyuta, sio kuifunika tu, izime. Kama unafanyia kazi kwenye meza ya kulia chakula, vitu vya kazi viingie kwenye begi au kabati visionekane.

Hiyo orodha ya kesho ina faida nyingine. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor wa 2018 uliokuta waliotumia dakika tano kabla ya kulala kuandika mambo ya kufanya walipata usingizi mapema, kama dakika tisa hivi, kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyamaliza. Na waliofafanua zaidi ndo walilala haraka zaidi. Kwahiyo usiandike "ripoti", andika "ripoti, kurasa ya pili, kurekebisha jedwali la mauzo".

Bosi akituma meseji usiku? Hili liongelewe mchana, kwa heshima, mapema, kabla hujakasirika. Mi niliandika hivi na ikasaidia: "Habari za kazi bosi. Naomba nikushirikishe jambo. Nimegundua kazi ninazofanya usiku zinakuwa na makosa na asubuhi tunarudia. Naomba nikifika saa kumi na mbili jioni nifunge, na kila asubuhi saa mbili na nusu nitakuwa nimeshajibu kila kitu cha usiku. Likitokea la dharura tafadhali nipigie simu badala ya meseji, nitapokea." Ukiangalia hapo hujakataa kazi, umempa saa ya kujibiwa na njia ya dharura. Mabosi wengi wanachotaka ni uhakika tu. Sio wote, kuna wengine hawaelewi, na kwa huyo angalau utajua mapema uko mahali gani. Ufaransa toka mwaka 2017 kampuni za kuanzia watu 50 zinatakiwa kisheria kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutopatikana nje ya kazi, kwahiyo ni ombi la kawaida tu.

Siku moja nzima kwa wiki

Siku moja ambayo hugusi kazi kabisa, hata "nicheki tu kidogo" hamna. Mshika mawili moja humponyoka, na siku ya mapumziko ukiishika pamoja na kazi zote mbili zinaponyoka. Zile rekodi za viwandani za Uingereza zilionyesha pia kwamba waliofanya kazi bila siku ya kupumzika walitoa kazi ndogo kuliko ulivyotegemea kwa masaa yao. Siku hiyo sio lazima ulale kutwa. Fua, lima, cheza mpira, tembelea ndugu, imba, chochote kinachokuchukua akili mbali na kazi. Watu wengine wanapumzika vizuri zaidi wakifanya kitu kwa mikono kuliko wakilala.

Kama unafanya shifti za usiku mengi hapo juu sogeza masaa tu, ila chumba kiwe giza na kimya kabisa mchana na wanaoishi na wewe wajue hiyo ndo usiku yako. Kama una mtoto mchanga, sahau vipande vya dakika 90, chukua vya 15, na akilala lala.

Kuna uchovu ambao mpango huu hautauweza. Umepumzika wikendi nzima, umelala vizuri, na bado Jumatatu kazi unaichukia, watu wanakukera bila sababu, unaona chochote unachofanya hakina maana, na imekuwa hivyo kwa wiki nyingi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilielezea hali hiyo kama matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haujashughulikiwa. Hapo usijaribu kujitibu na alamu za dakika 25, ongea na daktari au mshauri, ongea na mtu wako wa karibu, na uangalie kazi yenyewe kama ndo inayotakiwa kubadilika.

Kwa wengine, anzeni Jumatatu na daftari. Wiki ya pili ongezeni saa ya kulala tu, ya tatu vipande, ya nne saa ya kufunga. Msilete vyote siku moja maana Alhamisi mtakuwa mmeviacha. Na mpango ukivurugika, utavurugika tu, dedilaini itakuja au mtoto ataumwa, usilipize kwa kukesha siku inayofuata ili ufidie. Lala saa yako ya kawaida, asubuhi fungua daftari ukurasa mpya, uweke K ya kwanza.